Mzigo wa Kwenda Nkungu

Jumapili, 2 Juni

Leo baada ya ibada Anonciata amenisemesha. Ameanza yeye mwenyewe, mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Amesema tarehe kumi na sita anapanda Nkungu kumsalimu mama yake, na kama sina kazi naweza kumsindikiza. Kama sina kazi! Ningekuwa rubani ningeiacha ndege hewani.

Nikakubali upesi mno. Halafu nikakumbuka Nkungu iko wapi.

Anonciata ni mshonaji. Cherehani yake iko barazani, ng'ambo ya duka la vifaa vya ujenzi ninapouza misumari na rangi hapa Kamembe. Nampenda tangu mvua za mwaka jana. Kwao ni Nkungu. Gari linakuacha barabarani, kisha unapanda kwa miguu mpaka mawingu yakuguse shingo. Juu kabisa anakaa mama yake, Maman Mukabera, mjane. Hana neno na umri wa mchumba wala umaskini wake. Ana sharti moja tu: mlima upandwe kwa miguu, bila kukaa. Mchumba aliyetangulia, mhasibu, alikaa chini njiani kila kona, na mwishowe akauliza kama pikipiki haifiki. Maman Mukabera alimpa chai na kumshukuru. Alipoondoka, akamwambia binti yake: mtu aliyeshindwa na njia ya mlangoni kwangu, wewe atakufikisha wapi? Uchumba ukaishia hapo.

Mimi nina miaka arobaini na miwili na kazi yangu ni ya kukaa. Leo nilipanda ngazi za kanisa nikaona nyota mchana.

Nimetafuta dawa kwenye simu. Kuna watu ng'ambo huko, wazima kabisa, wanajaza begi vitu vizito, wanalivaa mgongoni na kutembea nalo bila kwenda popote. Wanasema linaongeza pumzi. Kwetu mtu mwenye mzigo ana sababu. Nimeshangaa, nikatazama tena, nikashangaa zaidi. Naanza kesho.

Jumatatu, 3 Juni

Nimetoka alfajiri. Begi langu la bluu. Ndani yake mfuko wa maharagwe kutoka jikoni kwa dada yangu Nsimire, ambaye nakaa kwake hapa Mururu. Sikumwambia. Mazoezi ya siri yanaingia mwilini vizuri zaidi, nadhani.

Mpango: kushuka hadi ziwani Cyangugu, kisha kupanda hadi kazini Kamembe. Kushuka, safi. Hata nilipiga mluzi. Kupanda, mwanzo safi. Halafu akatokea Mzee Bahizire.

Mzee Bahizire ni jirani yetu. Aliuza mbao Bukavu miaka mingi, sasa anakaribia sabini na anatembea asubuhi kwa ajili ya magoti. Kaniona ninahema. Kanyoosha mkono. "Lete, mwana. Muntu hatembeake na mzigo, benzake beko mikono bure." Nikasema hapana, Mzee, ni mwepesi. Alikuwa ameshauvuta. Akauvaa, akapanda mlima wote nao akinisimulia bei ya mbao ya zamani. Mimi nyuma yake, mikono mitupu, watu wote wa Cyangugu wakinitazama nikibebewa mzigo na babu.

Sasa niko kazini. Pumzi yangu ni ileile ya jana. Mzee Bahizire amepata mazoezi mazuri sana.

Jumanne, 4 Juni

Leo nimepita upande mwingine wa barabara kumkwepa Mzee. Mama mmoja mwenye kikapu cha parachichi kichwani akanipokea kamba moja ya begi. Kichwani kikapu, mkononi begi langu! Nilipojinasua kwake akaja mwenye baiskeli, akataka kuliweka nyuma kwenye keria. Huyu nilimkatalia kwa nguvu. Kwanza alihuzunika. Kisha akawa mdadisi. Kisha akauliza kwa sauti ni kitu gani hicho, hapa karibu na mpaka, ambacho mwenyewe hataki kiguswe. Watu wawili wakasimama kusikiliza. Nikampa begi.

Nchi hii ina adabu mno kwa mtu anayetaka kuteseka.

Nyumbani nimemkuta Nsimire ameinamia magunia anatafuta maharagwe. Nimemwambia yalikuwa kazini. Akauliza tangu lini maharagwe yanakwenda kazini. Nikamweleza habari ya pumzi, taratibu, kisayansi. Alinyanyua mfuko, akaumimina chunguni. Tumekula. Yalikuwa matamu, lakini mazoezi yangu ndiyo yaliyoliwa.

Jumatano, 5 Juni

Siku nzima dukani nimefikiri. Jean-Paul ameniuliza mbona nimekunja uso. Jean-Paul ni mwenzangu wa kazi. Ana miaka thelathini na mitano, meno yote, na suti ya michezo yenye mistari. Kila asubuhi anamvukia Anonciata barabara na kumpelekea chai ambayo hakuombwa.

Jibu nimelipata mwenyewe. Watu wanasaidia kwa sababu wanaona uzito. Basi mzigo uonekane mwepesi! Chini nimeweka matofali mabovu ya nyuma ya duka. Juu nimeweka kipande cha godoro la sponji, kichungulie kidogo nje. Nani atampokea mtu sponji? Akili ni mali.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi. Hakuna aliyenisaidia. Mzee Bahizire mwenyewe alitazama lile godoro, akafungua mdomo, akaufunga. Watu walinipisha njia. Mama wa parachichi alinitazama kwa huruma nyingi, nikafikiri ni heshima. Sikufika juu, nilikaa kwenye ukuta wa mfereji katikati ya mlima, lakini nilikaa kwa uhuru wangu.

Jioni mambo yameharibika. Wamekuja kina mama watatu wa chumba cha maombi. Wamesikia Nsimire amenifukuza nyumbani kwa sababu ya maharagwe, na mimi nimeonekana njiani na godoro langu nikitafuta pa kulala. Walikuja kutupatanisha. Nsimire akasema hajamfukuza mtu. Wakamwambia kwa upole kwamba shetani huanza hivyo hivyo, kwa kukana. Tumeombewa sana, yeye kulia, mimi kushoto. Ilibidi niombe msamaha, na yeye aombe msamaha ambao hakuwa na deni lake. Kisha tukakumbatiana mbele yao.

Walipotoka hajanisemesha. Matofali nayo yamekuwa unga ndani ya begi.

Jumamosi, 8 Juni

Sponji basi. Leo nimefika ziwani mapema, maji yalikuwa yametulia, nimetembea ukingoni nikitafuta kitu kizito kisichovunjika wala kulika. Nikayaona. Mawe matatu meusi, ya mviringo, laini, kila moja ukubwa wa kabichi nzuri. Sijui yametoka wapi wala maji yameyasuguaje hivyo. Nimeyageuza moja moja kama mtu anayenunua nazi. Yameingia begini yakakaa kama mayai kwenye kiota.

Nimepanda kwa njia ya vichochoro, mbali na wema wa watu. Karibu na duka kamba ya begi ikakatika. Karibu na duka maana yake mbele ya cherehani ya Anonciata.

Alilitazama begi pale chini. Akaniambia nilete. Nilimletea kwa kulikokota. Alishona ile kamba mara mbili, akaongeza kipande cha jinzi ndani ili ishike. Hakufungua, begi la mtu halifunguliwi. Aliuliza tu nabeba nini humo. Nikasema vitabu. Akakanyaga pedali ya cherehani kidogo, begi likatikisika, mawe yakagongana. Akasema, bila kuinua macho, kwamba vitabu vyangu vina kelele.

Mikono yake ilikuwa kwenye begi langu muda mrefu kuliko kamba ilivyohitaji. Au nimejidanganya. Nimefurahi vilevile.

Jumatatu, 10 Juni

Jean-Paul amekuja kazini na begi mgongoni. Jekundu. Kubwa kuliko langu, limevimba mpaka zipu inalia. Amepanda nalo mlima wote akipiga mluzi na hana tone la jasho. Alisimama mbele ya Anonciata akazunguka mara mbili, kana kwamba anatafuta mtu nyuma yake.

Nikamuuliza kwa dharau kidogo ni uzito gani. Akasema uzito wa mwanamume. Anonciata alicheka. Sijui alimcheka nani.

Kuna nini ndani ya lile begi? Sikuweza kula mchana. Kama ni mchele, angeinama mbele. Kama ni saruji, angeinama nyuma. Anatembea wima kabisa! Ama ni mtu wa ajabu, ama kuna siri. Na anataka nini huyu na pumzi, kama si kupanda Nkungu?

Jumatano, 12 Juni

Mimi si mwizi. Jean-Paul alikwenda nyuma kumpimia mteja waya. Begi lilikuwa stoo. Nilitaka kulinyanyua tu, nijue. Nilijikaza kama mtu wa kunyanyua gunia, likaruka juu likanipiga kidevuni.

Nikafungua. Mto. Mto wa kulalia, mmoja, wenye foronya nyeupe iliyodariziwa maua ya waridi na maneno «Bonne nuit», yaani usiku mwema.

Nimecheka peke yangu mpaka nikakalia ndoo ya rangi. Mtu mzima anatembeza mto Kamembe nzima! Nimemdharau sana. Sijamwambia mtu. Nimeona tu, kwa udadisi, kwamba wiki hii hakuna aliyempokea mzigo, hakuna aliyemuuliza kitu, hakuna aliyemwombea, na wasichana wa sokoni wanamwita mwanajeshi. Naandika hili kama jambo la sayansi.

Ijumaa, 14 Juni

Nimefika! Kutoka ziwani hadi dukani, na mawe yote matatu, bila kukaa. Nilipofika juu nilishika mlingoti wa umeme nikalia kidogo. Si machozi mengi. Nilijua kwamba kuna jambo mwili wangu haukuweza na sasa unaweza, na sikumbuki mara ya mwisho nilijua hivyo.

Nilitaka kuvuka barabara nimwambie Anonciata. Lakini yeye anajua ni vitabu.

Mzee Bahizire ameniambia ananitafuta kila asubuhi. Amepanda mlima siku zote hizi akidhani niko mbele. Magoti yamepona.

Jumapili, 16 Juni

Nimerudi.

Asubuhi Nsimire, aliyekwisha nisamehe, alinifungia zawadi ya Maman Mukabera. Kitenge, sukari, sabuni. Begi halikufungika. Ama zawadi, ama mawe. Mtu mwingine angetoa mawe. Mimi nikafikiri: mwili umezoea mawe, ukiyakosa utajuaje kama una pumzi? Huo ulikuwa urembo wa maneno. Ukweli nilitaka Anonciata anione nikibeba. Nikaiacha zawadi mezani, nikapanga kununua nyingine pale gari linapotuacha. Duka la pale lilikuwa limefungwa. Mwenyewe yuko kanisani, kama mtu mwema.

Tumeanza kupanda. Mashamba ya viazi kushoto na kulia, ukungu mbele. Sikukaa chini. Mahali pamoja niliegemea mkaratusi nikasifu mandhari, ambayo haikuonekana. Kwenye kona aliyokaa yule mhasibu Anonciata alinionyesha hata jiwe lenyewe. Nikalipita kama silioni.

Halafu akasema mama atafurahi sana. Nikauliza kwa nini. Akaligusa begi kwa kidole. "Muntu haendake ku bantu mikono bure. Nimekuona tangu asubuhi unabeba."

Bila shaka! Mtu anakwenda ukweni mara ya kwanza, begi limejaa mpaka linamkunja mgongo. Nani angefikiri ni mawe? Nani aliwahi kwenda kwa watu na mawe? Wiki mbili nimewakwepa watu wanaoheshimu mzigo, na sikujiuliza hata siku moja mzigo unaelekea wapi. Nikatafuta mfereji wa kuyamwaga. Anonciata alikuwa amehamia nyuma yangu, kunitia moyo.

Na Maman Mukabera alikuwa ameshateremka njiani kutupokea. Mwanamke mdogo, mkavu, kitenge kimefungwa kiunoni. Alishika mzigo kabla ya salamu. Nikakataa. Akavuta. Nikavuta. Haifai kuvutana na mkwe, nikaachia. Begi likamkalisha chini.

Alikaa pale kwenye majani akanitazama. "Na umebeba hii tangu kule chini, we mwenyewe?" Nikasema ndiyo, Maman. Ndilo neno pekee la kweli nililolisema leo.

Walilibeba wawili, yeye na binti yake, wakaliingiza chumba cha ndani. Mzigo wa mgeni haufunguliwi mbele ya mgeni. Adabu hii nimeisifu maisha yangu yote. Leo nilikaa nayo sebuleni nikila viazi, maharagwe na mboga bila kujua kipi ni kipi. Nilitazama dirishani ili nisitazame mlango wa chumba. Nyuma ya jiko kuna rundo la mawe yaliyotolewa shambani, mengi kupita kiasi. Kilima kizima ni mawe.

Wakati wa kuondoka Maman Mukabera aliingia chumbani peke yake, akafunga mlango. Alikaa. Alipotoka begi lilikuwa limejaa viazi, maharagwe na kabichi juu, maana begi la mgeni halirudi tupu. Kwa hiyo amefungua. Kwa hiyo ameyaona. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, muda mrefu, na sijui kama alikuwa ananiaga au ananizika.

Anonciata amebaki kumsaidia mama palizi. Nimeshuka peke yangu, na begi zito kuliko lilivyopanda. Kwa mara ya kwanza nilimwomba Mungu Mzee Bahizire atokee.

Jumatatu, 17 Juni

Cherehani imefunikwa. Jean-Paul ameuliza mara tatu ziara imekuwaje. Nimesema vizuri. Akauliza vizuri namna gani.

Wameyafanya nini mawe? Ameyatupa? Ameyaonyesha majirani? Alilia kwa hasira, au kwa aibu ya binti yake? Macho mekundu yana sababu nyingi, hata vitunguu. Mteja ameomba misumari ya bati nimempa kufuli.

Nampenda mwanamke huyu na nimempelekea mama yake mawe. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa namna nyingine, haiwi nzuri.

Jumatano, 19 Juni

Amerudi. Alivuka barabara yeye mwenyewe, akaegemea kaunta. Jean-Paul akaanza kupanga makopo ya rangi yaliyokwisha pangwa.

Anonciata akauliza ni nani aliniambia. Nikauliza kuniambia nini. Akasema: habari ya mafiga.

Nikanyamaza. Kunyamaza kuliwahi kuniokoa mara moja nikiwa shuleni.

Akaeleza. Mama alifungua begi akidhani ni sukari. Akakuta mafiga matatu, meusi, yanayolingana. Akakaa kitandani. Walipotoka Congo kurudi huku, hawakuwa na kitu, hata bati. Marehemu mume wake, kabla ya kukata mti mmoja wa nyumba, aliweka mafiga matatu kwenye majani akasema, tutakaa hapa. Tangu siku hiyo hakuna mwanamume aliyeingia pale akiwaza moto wa nyumba ile. "Bengine banaletaka sukari," mama amesema. "Sukari inaisha. Huyu amebeba mafiga mgongoni tangu kule chini, na hakusema ni mazito."

Nilimwona yule mzee ambaye sikumjua, na yale majani, na mimi na kipande changu cha sponji.

Anonciata akauliza tena ni nani alinifundisha. Hapa ndipo ningeweza kusema. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu nikajibu kwamba mambo mengine mtu anazaliwa nayo.

Jumamosi, 22 Juni

Jiwe limepasuka.

Maman Mukabera amepiga simu kwa Anonciata asubuhi. Aliyapanga mafiga jikoni kwa heshima, akaweka chungu chake kizuri, akawasha moto. Maharagwe yalipoanza kuchemka, figa moja likalia kama bunduki na kugawanyika. Chungu kimevunjika. Yeye ni mzima, ashukuriwe Mungu, alikuwa ametoka kuchuma mboga. Maharagwe yamefika kwenye bati.

Anonciata akauliza niliyaokota wapi. Nikasema ziwani. Akafumba macho. Jiwe la majini haliwekwi motoni, kila mtu anayepika anajua hivyo. Mimi sipiki.

Nikasubiri hukumu. Mama hakukasirika, amesema muuza misumari hawezi kujua kila kitu. Lakini mafiga mawili hayainjiki chungu. Anataka nipande tena Jumapili tarehe thelathini, kwa miguu, na figa la tatu, jiwe kavu la mlimani. Siku hiyo ndiyo atatoa neno lake juu yetu. Ikiwa ndiyo, wazee wakutane. Ikiwa siyo, nisisumbuke tena.

Kisha Anonciata akainama kidogo juu ya kaunta. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli yalikuwa mafiga. Akasema niseme tu, yeye hatacheka wala hatakwenda popote, lakini mama yake hataki kudanganywa, hilo tu ndilo asilolisamehe. Mdomo wangu ulifunguka. Ukweli ulikuwa umefika kwenye meno. Jean-Paul akaangusha kopo la rangi nyuma yetu.

Nikasema yalikuwa mafiga.

Akasema sawa. Akavuka barabara, na cherehani haikulia mpaka baada ya muda.

Jumamosi, 29 Juni

Umuganda asubuhi, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, tumezibua mifereji. Mzee Bahizire amechimba kama kijana wa miaka ishirini, watu wamemuuliza anakula nini. Kesho anakuja nami Nkungu kama mzee wa upande wetu. Anasema ule mlima anautamani.

Nimejifunza mengi mwezi huu. Mtu mwenye akili hujifunza. Nimejifunza kwamba jiwe halibebwi kupelekwa kwenye mawe. Nkungu nzima ni mawe makavu! Rundo zima liko nyuma ya jiko la Maman Mukabera, nimeliona kwa macho yangu. Kwa nini nivunje mgongo kulitoa Mururu? Nitapanda na begi lililovimba vizuri, nitafika nikiwa na pumzi zote. Nitazunguka nyuma ya jiko kama mtu anayekwenda msalani, nitachagua figa zuri, nitaliweka begini, nitatokea. Sitakaa chini hata mara moja. Nitaongea njia nzima. Maman Mukabera atasema hajawahi kuona mwanamume wa namna hii.

Kuhusu kuvimba kwa begi, Jean-Paul amenisaidia. Kwanza alikana. Nikamweleza nilichokiona stoo. Akakubali kuniazima mto wake, kwa sharti la kunyamaza. Kumbe si mtu mbaya.

Nsimire ameniona nikijaribu. Hakuuliza. Amesema tu njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia ndiyo maana naipenda, ile ya Nkungu ni ndefu mno.

Jioni Anonciata amepita hapa nyumbani kuniletea habari ya mwisho. Alikuwa na kitenge kipya, na alitabasamu, na nikajua kwamba nikimkosa huyu nitauza misumari mpaka kufa bila kujua kwa nini. Amesema mama yake kesho hatasubiri katikati ya njia. Atateremka mpaka barabarani. Anataka kunipokea mzigo mwenyewe pale gari litakapotuacha, aufungue, alione figa lake, na apande nalo mlima wote kwa mikono yake. Nimeguswa sana. Mkwe mwenye heshima ya namna hii hapatikani tena siku hizi.

Kwa ajili yake nimemwomba Nsimire afue foronya. Imekauka vizuri. Ile «Bonne nuit» inasomeka hata kwa mbali.